Noah ya zamani na Toyota 86: silinda zilezile, gari mbili tofauti

Ukisoma karatasi ya injini ya Toyota Noah ya zamani kisha ukasoma ya Toyota 86, unaweza kudhani aliyeandika ya pili amenakili ya kwanza. Noah inayozungumziwa hapa ni SR40, ile iliyouzwa Japani kuanzia 1996 hadi 2001 kwa majina ya TownAce Noah na LiteAce Noah. Injini yake ni 3S-FE: silinda 4, kipenyo cha silinda milimita 86, mwendo wa pistoni milimita 86, cc 1998. Toyota 86 ya kwanza, chesisi ZN6, iliyotengenezwa 2012 hadi 2020, ina FA20: silinda 4, milimita 86 kwa 86, cc 1998. Zote mbili zinasukumwa na magurudumu ya nyuma. Halafu moja inatoa nguvu za farasi 130, na nyingine 200.

Hizo farasi 70 hazikutoka kwenye ukubwa. FA20 ina uwiano wa mgandamizo wa 12.5 kwa 1, wakati 3S-FE iko chini ya 10. FA20 ina nozeli mbili kwa kila silinda, moja inapuliza petroli kwenye njia ya hewa na nyingine ndani ya silinda moja kwa moja, na muda wa kufunguka kwa valvu unabadilika upande wa kuingiza na wa kutoa pia. Zaidi ya yote, inazunguka. Farasi 200 zinapatikana kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika na mstari mwekundu uko 7,400. Noah imeshamaliza kila kitu ikifika 5,400. Kwa hiyo mwenye 86 anayebadilisha gia kwenye 3,000 kila mara, kwa kuogopa kuumiza injini, amelipia injini ambayo hajawahi kuitumia.

Ila hebu tuangalie barabara zetu. Gia ya kwanza ya 86 ya manyuo, ukiivuta mpaka mwisho, inakufikisha karibu kilomita 58 kwa saa. Ya pili inakufikisha karibu 97. Yaani kwenye kibao cha 50 umeshamkuta mwenye tochi kabla hujamaliza gia ya kwanza, na gia tano zimebaki pale kama mapambo. Mwendo wa kilomita 226 ulioandikwa kwenye vitabu vya 86 hauna mahali pa kutumika kati ya Chalinze na Segera. Utamu wake uko kwenye kona: uzito kama kilo 1,230, injini ya Subaru aina ya boksa, ambayo silinda zake zimelala kushoto na kulia badala ya kusimama, kwa hiyo uzito umekaa chini, na difu ya Torsen inayogawa nguvu vizuri ukitoka kwenye kona. Noah tupu ni karibu kilo 1,450 hadi 1,500, na ikipakia watu wanane na mabegi inapita tani mbili. Mpe huyo farasi 130 apande Kitonga, ndipo utajua nani anafanya kazi.

Kwenye mlima, 3S-FE ina jambo moja jema: nguvu yake ya kuvuta inapatikana chini, kileleni ni kwenye 4,400, kwa hiyo haihitaji kulia sana. Zima O/D (swichi inayoruhusu gia ya 4) kabla mlima haujaanza, usisubiri gia ianze kuhangaika kati ya 3 na 4, maana huko kuhangaika ndiko kunakopasha haidroliki ya gia boksi. Na ukishuka, acha O/D imezimwa, weka 2 pale panapoinama sana, ili mguu usikae kwenye breki muda wote. Noah iliyojaa watu ikishuka kwa breki peke yake inafika chini pedali imekuwa laini. 86 kwa upande wake ina tabia ya kuzubaa kati ya 3,500 na 4,500, hapo hapo unapotaka kulipita lori. Dawa yake ni kushusha gia mbili, si moja.

Sasa tuingie kwenye maji, kwa sababu Noah nyingi zinazokufa, zinakufa kwa kuchemsha.

Injini ya SR40 iko chini ya viti vya mbele, lakini rejeta iko mbele kwenye pua ya gari. Katikati kuna mipira mirefu, na zenye hita ya nyuma zina mabomba ya ziada yanayopita chini ya sakafu mpaka kwa abiria. Njia ndefu hivyo inashika hewa kirahisi, na mabomba ya chini yanaliwa na kutu pale gari linapotumia maji ya bomba badala ya kulanti. Fundi akishajaza maji haraka haraka na kufunga mfuniko, hewa inabaki kwenye hedi, mshale wa temperecha unakaa sawa kwa sababu sensa iko kwenye mvuke, halafu ghafla unaruka juu. Gasketi ya hedi inaondoka siku hiyo hiyo.

Kujaza kwenyewe kunataka uvumilivu. Gari liwe limepoa kabisa. Liegeshe pua ikiwa juu, kwenye mteremko au jeki ya mbele. Fungua hita ya mbele na ya nyuma mpaka mwisho kwenye moto, ili valvu za hita ziruhusu maji kupita. Mimina mchanganyiko wa kulanti na maji safi, nusu kwa nusu, taratibu, huku mtu akiminyaminya mipira ya maji kwa mkono. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache itulie hadi mpira unaorudisha maji kwenye injini upate joto, maana hapo themostati imefunguka. Utaona mapovu yakitoka na maji yakishuka, ongeza. Shikilia mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika chache, ongeza tena, funga. Asubuhi, gari likiwa baridi, angalia tena kwenye rejeta yenyewe, siyo kwenye chupa ya akiba tu. Hita ikipuliza hewa ya baridi wakati injini ina moto, hewa bado imo.

Na themostati. Kuna mafundi ambao suluhisho lao la kwanza kwa gari linalochemsha ni kuitoa na kuitupa. Kwenye 3S-FE hilo ni kosa la wazi. Themostati yake ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda rejeta na wakati huo huo inaziba njia ya mkato inayozungusha maji ndani ya injini tu. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto haiendi kupozwa, na mlima mrefu unakuja kukudai. Themostati mpya ya digrii 82 ni bei ndogo sana ukilinganisha na kusaga hedi. Ukienda kununua Noah, omba kujua kama ipo: washa ikiwa baridi, shika mipira yote miwili. Ikiwa yote inapata joto pamoja tangu dakika ya kwanza, themostati haipo au imekwama wazi.

Ukiwa hapo hapo, funua kiti cha mbele uone injini. Mfuniko wa sakafu una mpira wa kuziba pembeni. Ukiwa umechakaa au umetupwa, joto na moshi vinaingia kwenye miguu ya dereva. Angalia oili kwenye shina la distributa kwa zile za mwanzo, pale orings yake hukauka na kuvuja. Plagi zinataka sokoeti ya 16 mm, na kazi nzima ni ya nusu saa.

Mkanda wa taiming ni kila kilomita 100,000. Kwa sababu pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, badilisha vyote pamoja na tenshena na sili ya kamshafti. Kufungua mara mbili ni kulipa ufundi mara mbili. Uzuri wa 3S-FE ni kwamba mkanda ukikatika, gari linazima tu, kwa kawaida valvu hazigongwi na pistoni. Ni usumbufu wa njiani, si kifo cha injini.

Spea ndiyo sababu Noah hizi bado zinatembea. Injini hiyo hiyo ilifungwa kwenye Ipsum ya kwanza, Gaia, RAV4 ya kwanza, Corona na Camry kadhaa. Vitu vya ndani ya injini, gasketi, ringi, pampu ya maji, unavikuta Gerezani au Kirinyaga Road kwa hali yoyote unayotaka: vipya vya asili, vipya vya kuigiza, na vya kukatwa. Tahadhari ni kwamba mlalo wa injini ya Noah ni tofauti na wa Ipsum, kwa hiyo sampo (bakuli la oili), mounti na mabomba ya maji usinunue bila kupeleka la zamani ulinganishe.

Kwa 86 hadithi inageuka. Nembo ni ya Toyota, lakini gari lilitoka kiwanda cha Subaru huko Ota, mkoa wa Gunma, na injini ni ya Subaru. Fundi wa Toyota wa mtaani akifungua boneti atabaki anatafuta plagi: ziko chini, pembeni, zinatazama kuta za gari. Kuzifikia unatoa betri na boksi la hewa, na mafundi wengine hufungua mounti na kunyanyua injini kidogo ili wapate nafasi. Sokoeti ni ya 14 mm ya kuta nyembamba, na plagi zenyewe ni iridiamu za karibu kilomita 100,000. Usiweke za bei poa, maana hutapenda kurudi huko. Hata spea za Subaru nyingine si za kuchukua kwa macho. FA20 ya WRX na ya Forester ina tabo na ni tofauti kwa mambo mengi. Pacha halisi wa 86 ni Subaru BRZ, basi.

Oili ni 0W-20 sintetiki, lita 5.4 hivi ukibadilisha na filta. Japani wanaenda kilomita 10,000. Kwa joto na vumbi na foleni zetu, 5,000 hadi 7,500 ni busara zaidi. Chomoa dipstiki kila mara unapojaza mafuta, kwa sababu injini inayopandishwa juu mara kwa mara inakunywa oili kidogo, na kwa boksa kiwango kikishuka kisha ukaingia kona kwa nguvu, pampu inavuta hewa. Gia boksi ya manyuo inachukua lita 2.2 za 75W-90, difu lita moja na kidogo. Gia ya pili ikiwa ngumu asubuhi kisha ikalainika gari likipata joto, hiyo ni tabia yake. Ikikwaruza hata baada ya kupata joto, sinkronaiza, vile vinavyolinganisha kasi ya gia wakati wa kuingiza, zimechoka.

Petroli nayo. Japani 86 inajazwa ile ya oktani ya juu, ambayo kiwango chao ni 96 kwenda mbele, wakati Noah ilitengenezwa kwa ile ya kawaida ya 89. Ukiweka ya chini kwenye mgandamizo wa 12.5, sensa inasikia mgongano, yaani petroli inayolipuka vibaya ndani ya silinda, na kompyuta inachelewesha moto: gari linakuwa zito, linakula zaidi, na joto linapanda. Mahali penye kituo kinachouza oktani ya juu, lipa hiyo tofauti. Pasipokuwepo, epuka kukanyaga mpaka chini ukiwa gia ya juu na mizunguko midogo, maana hapo ndipo mgongano unapozaliwa. Ulaji wenyewe hautishi: kilomita 10 hadi 12 kwa lita barabara kuu, wakati Noah inacheza kati ya 8 na 10. Wengi wanashangaa kwamba gari la michezo linakula kidogo kuliko la familia, lakini hesabu ya kweli ni kwa kichwa. Dar hadi Morogoro ni karibu kilomita 190. 86 yenye watu wawili itatumia lita 17, kila mmoja lita 8 na nusu. Noah yenye watu wanane itatumia lita 21, kila mmoja chini ya lita 3.

Chini ya gari, 86 ina milimita 130 kutoka ardhini, na hizo ni za kwenye karatasi kabla hujaweka tenki la lita 50 na watu wa nyuma. Matuta ya mtaani yasiyo na kipimo unayakata kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Kinachokwenda kwanza ni plastiki ya chini ya bampa na vibanio vyake. Nunua vibanio kwa pakiti. Tairi za 215/45R17 zina ukuta wa kama milimita 97, wakati Noah nyingi zinatembea na 195/70R14 zenye ukuta wa kama 136. Hizo sentimita nne ndizo tofauti kati ya kusema “pole” na kununua rimu. Shimo la ghafla kwenye 86 linapinda rimu au linaacha nundu ubavuni mwa tairi, na tairi yenye nundu haizibwi, inatupwa. Ukikagua 86 ya kununua, pitisha mkono upande wa ndani wa kila tairi, sehemu ambayo muuzaji haoshi.

Viti vya nyuma vya 86 ni vya mkoba. Mtoto mdogo atakaa, mtu mzima atakunja shingo, na bibi hatainuka kwenye kiti cha mbele bila kushikwa mikono miwili, kwa sababu makalio yanakaa karibu na usawa wa magoti. Kiti cha nyuma kikilazwa chote, nafasi inatosha kubeba tairi nne, na kweli lilipangwa hivyo kwa wanaokwenda nalo kwenye mashindano. Noah inameza jeneza, gunia, baiskeli na wajukuu. Mlango wake wa kuteleza ni mmoja tu, upande wa kushoto, ambao kwetu tunaoendesha kushoto ni upande wa watembea kwa miguu, pazuri kabisa. Ukifungua ukahisi mlango unashuka au unagonga nguzo ya nyuma, rola ya katikati imeisha. Ibadilishe mapema kabla haijala reli.

Kuna Noah ambazo zimefanya kazi ya abiria Arusha, Manyara na kwingineko, kisha zikarudishwa sokoni zikiitwa za familia. Zitambue kwa matundu ya boliti za ziada kwenye sakafu, vyuma vya kiti vilivyochomelewa, alama za keria kwenye paa na springi za nyuma zilizolala. Kilomita za dashibodi usizihesabu. Vilevile washa swichi uone taa ya mifuko ya hewa: iwake, kisha izime. Isiyowaka kabisa ina maana mtu ametoa balbu ili kuficha jambo.

Kwa 86 inayotoka Japani, karatasi ya mnada ndiyo ya kwanza. Daraja la R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa, na gari hili linagongwa mara nyingi kwa sababu wanaolinunua wanajua wanachotaka kulifanyia. Sikiliza difu kwa mlio wa kuvuma, kagua klachi, na tazama kama taa za nyuma zina unyevu ndani, ugonjwa wa zile za mwanzo. Za 2012 na 2013 zina jambo zito zaidi: mwaka 2018 zilitangaziwa kurudishwa kwa sababu ya springi za valvu zinazoweza kuvunjika. Kazi hiyo inataka injini ishushwe, na baadhi ya injini ziliharibika baadaye kwa silikoni iliyozidi kuingia kwenye njia ya oili. Muulize muuzaji, kwa namba ya chesisi, kama ilifanyika. Kama uchaguzi upo, chukua ya baada ya miaka hiyo.

Kwa nyumba yenye gari moja, 86 haijibu swali. Lakini na mimi singemshauri mtu mwenye watoto atafute SR40 leo kama anaweza kupanda hadi Noah ya AZR60, ya 2001 hadi 2007, yenye milango ya kuteleza pande zote mbili. Injini yake 1AZ-FSE nayo ni milimita 86 kwa 86, cc 1998, ila ni D-4, inapuliza petroli ndani ya silinda kwa presha kubwa. Uchafu wa mafuta unaua pampu yake ya presha, masizi yanaziba njia za hewa, na ikichemsha, nyuzi za boliti za hedi kwenye bloku huvutika. Oili inayonuka petroli kwenye dipstiki ni dalili ya pampu kuvujisha ndani. Yenye dalili hiyo usiinunue hata kwa punguzo.

Upande wa kodi, Tanzania ushuru wa bidhaa kwa cc 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo asilimia 10, kwa hiyo cc 1998 imekaa mahali pazuri. Kinachouma ni uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30 likizidi 10, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya 18. Ndiyo maana SR40 hununuliwa yenye namba za hapa tayari. Kenya gari la zaidi ya miaka 8 haliingii kabisa. GR86 iliyokuja 2021 ina cc 2387 na farasi 235, kwa hiyo inaruka hadi ile asilimia 10, ila ikiwa na miaka michache inakwepa uchakavu. Piga hesabu zote mbili kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma pesa ya mnada, maana 86 ya 2013 yenye bei ndogo Japani inaweza kukuachia kodi inayozidi bei ya gari lenyewe.